Kikohozi cha Marehemu

Mnunuzi yule hakutazama meno wala hakupapasa mgongo. Alimshika kondoo koo, akalibana kwa vidole viwili chini kidogo ya taya, akaachia. Kondoo akakohoa. Akabana tena, na safari hii kondoo akakohoa mfululizo, shingo imenyooka, ulimi nje, mpaka watu waliokuwa wakila viazi na jibini upande wa pili wa uwanja wakageuka kutazama.

"Nikupe soli sitini, mama," mnunuzi akasema huku akijifuta vidole kwenye suruali. "Na hapo nakuonea huruma."

"Sitini? Wiki jana jirani yangu kauza mia na themanini, na wake alikuwa mdogo kuliko huyu."

"Jirani yako aliuza kondoo. Wewe umeniletea kikohozi kilichovaa sufu."

Watu wakaangua kicheko. Fortunata Layme hakuwa mtu wa kuchekwa. Kwao Chullunkani, juu kule ambako hata viazi huota kwa kubembelezwa, kondoo wakiugua wanawake humwendea yeye. Leo kijana mwenye jino la dhahabu anamminya kondoo wake koo mbele za watu, na watu wanafurahi. Alimfunga kondoo kamba upya, akainua kidevu, akaondoka sokoni bila hata ile chumvi aliyoijia.

Njiani alifuatana na jirani yake, Asunta. Asunta ni mwema, sitaki kumsingizia, lakini kifua chake hakiweki neno. Walipanda kilima polepole, kondoo nyuma yao akikohoa kila baada ya hatua chache.

"Wako walianza lini kukohoa, mama Fortunata?"

"Mvua zilipokwisha."

"Si ndipo wifi yako aliporudi?"

Wifi mwenyewe ni Melchora, dada wa mumewe Nazario. Alikuwa ameolewa mji wa mgodini, na huko mumewe alivuta vumbi la mawe mpaka mapafu yakakataa. Alikohoa miaka, akafa akikohoa. Mjane akarudi kwao na kondoo wanne na mablanketi ya marehemu, akajenga kibanda kando ya zizi la kaka yake. Baba yao alikuwa amemwachia kipande cha malisho bondeni, mahali penye chemchemi na majani mabichi hata kiangazi. Hicho tu ndicho alichokuwa nacho chini ya jua.

"Ndipo aliporudi," Fortunata akasema.

"Na yale mablanketi ya marehemu, si ndiyo anayoyaanika juu ya ukuta wa zizi lenu?"

Kicheko cha sokoni bado kilikuwa kinamwasha Fortunata kisogoni. Mtu akiaibishwa hutafuta upesi pa kuutua mzigo wake, na hapa palikuwa karibu. "Ndiyo maana nakwambia," akasema, ingawa hakuwa amemwambia kitu, "hiki si kikohozi cha kondoo. Hiki ni kikohozi cha marehemu."

Asunta akajivuta shali puani. Waliagana penye zizi. Lakini ulimi hauna mfupa, na jua lilipochomoza kesho yake hapakuwa na nyumba Chullunkani ambayo neno lile lilikuwa halijabisha hodi.

Asubuhi hiyo Fortunata alichemsha tena ile dawa aliyokuwa akiwanywesha kondoo wake tangu mvua zilipokwisha. Haikuwa dawa ya kubahatisha, msidhani. Aliweka mafuta ya nguruwe, majani ya mkaratusi, kitunguu saumu, pombe kali ya miwa, na maganda makavu ya machungwa aliyotumiwa na dada yake kutoka mabonde ya joto. Chungwa Chullunkani halioti wala haliletwi, na ganda lile ndilo lililokuwa fahari yake. Aliyatwanga, akayachemsha pamoja na vingine, akamimina kwenye chupa ya bia. Iliyobaki aliwagawia majirani, na hakudai kitu ila kusifiwa.

Namna ya kunywesha alifundishwa na mama yake. Unambana kondoo katikati ya mapaja, unamshika taya, unakiinua kichwa mpaka macho yake yautazame mlima Pukarani, ili mlima umwone mgonjwa na umtambue. Ukikiinamisha, mlima utajuaje unayemtibu ni nani? Kisha unapitisha mdomo wa chupa nyuma ya meno na kumimina kwa mkupuo mmoja, kabla hajapata nafasi ya kutema. Kondoo hurusha miguu, macho humtoka, hukohoa mpaka magoti yakagusa ardhi.

"Mwone," Fortunata alimwambia Nazario, aliyekuwa akimshikia. "Dawa imekutana na ugonjwa. Wanapigana."

"Wifi, anapaliwa huyo," Melchora akasema. Alikuwa amekaa juu ya ukuta wa zizi akisokota uzi. "Mteremshe kichwa anywe kama anavyokunywa mtoni. Umewahi kuona kondoo anakunywa maji huku anahesabu mawingu?"

Nazario akacheka kidogo. Akauona uso wa mkewe, akaacha.

"Miaka yote umekaa mgodini," Fortunata akasema, "leo uje kunifundisha kondoo?"

"Sikufundishi. Nasema anapaliwa."

"Basi lete na wako niwanyweshe, maana ndiko kilikotokea."

"Wangu hawakohoi, wifi. Waache walivyo."

Na kweli hawakuwa wakikohoa. Wanne wale walikula, wakanenepa, wakalala kimya. Mtu mwingine angejiuliza. Fortunata naye alijiuliza, ila swali alilishika mkiani. Mbona wa wifi hawakohoi? Kwa sababu anayetuma ugonjwa hautumi kwake mwenyewe. Jibu hilo alimpa Asunta mtoni, siku ileile, na Asunta hakulikalia.

Baada ya hapo kondoo wa Asunta wakaanza kukohoa, wa mama mkwe wake wakafuata, kisha wa watu wa ng'ambo ya kijito. Wanawake walikuja kwa Fortunata na chupa tupu mikononi, wengine hata kabla kondoo wao hawajakohoa, kwa tahadhari tu. Naye akachemsha zaidi. Alichoka, lakini kuchoka kule kulimpendeza. Walipokufa wanakondoo wawili wa Asunta, Fortunata alilia naye, akamjazia chupa nyingine.

Melchora yeye alianza kulipa. Dukani waliacha kumpa chumvi mkononi, wakamwekea juu ya jiwe aichukue mwenyewe. Mtoni wanawake walipanda juu zaidi ili wachote maji ambayo hajayagusa. Siku ya kuchimba viazi, mfuko wa majani ya koka ya kutafuna ulipita kwa kila mtu, ukafika kwake, ukamruka. Alibaki na kiganja wazi hewani, kisha akakipeleka kichwani akajifanya anarekebisha kofia.

Nyumbani nako, kaka yake akaanza kula amempa mgongo.

"Nazario, hata wewe?" akamwuliza.

"Nimekaa hivi kwa ajili ya upepo," Nazario akasema. Upepo siku hiyo haukuwapo.

Fortunata aliyasikia hayo akiwa anakoroga sufuria. Moyo ulimsuta kidogo, kama kijiwe ndani ya kiatu. Lakini maneno alikuwa ameshayatoa yeye, na kuyarudisha kungekuwa kurudi kwenye kile kicheko cha sokoni. Akaendelea kukoroga.

Mwenyekiti wa kijiji, Fulgencio Tintaya, aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Fulgencio ni mtu wa sauti ya upole, anayekuita ndugu hata anapokukanyaga. Malisho yake yamepakana na bonde la Melchora, na kila kiangazi yake hukauka, la Melchora likabaki kijani ng'ambo ya kijiukuta cha mawe. Hilo hakuna aliyelitaja siku hiyo. Si kwamba walisahau.

"Sisi hatumwonei mtu," akasema. "Hatuna chuki na dada yetu. Tutamchinja kondoo mmoja, na mzee Cirilo atayasoma mapafu. Mapafu yatasema. Kama kikohozi kimetoka mahali pengine, dada yetu atakaa kwa amani. Kama ni cha marehemu, ataondoka na vitu vyake leo leo, na malisho yake yatatunzwa na kijiji."

"Nitakwenda wapi?" Melchora akauliza. Hakumwuliza Fulgencio. Alimwuliza kaka yake.

Nazario alikuwa akiitazama ndala yake ya matairi, kamba imelegea. Akainama akaifunga. Kuifunga kukamchukua muda mrefu sana.

Kondoo aliyechinjwa ni yuleyule wa sokoni. Mzee Cirilo aliyavuta mapafu yote pamoja na koromeo lake, akayalaza juu ya kitambaa, akayapulizia pombe kutoka mdomoni. Fortunata, mwenye kondoo, ndiye aliyepiga magoti mbele yake kushika ncha za kitambaa. Watu wakajisogeza, shingo zimetangulia.

Pafu la kawaida ni jepesi na la waridi, ukilibonyeza linarudi. Haya sehemu za chini yalikuwa magumu, meusi, mazito kama ini. Mnong'ono ukapita.

"Weusi wa mgodini," mzee Cirilo akasema. Akapasua kwa ncha ya kisu, akakamua. Uji mzito wa manjano ukatoka, unateleza, unang'aa. "Na haya ni mafuta ya maiti."

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, wakawakanyaga wa nyuma. Mtu akataja jina la Mungu. Fortunata hakuweza kurudi kwa sababu alikuwa ameshika kitambaa. Pua yake ilikuwa karibu kuliko za wote, na ndani ya ule uji uliokuwa ukitiririka juu ya dole gumba la mzee, aliona kipande kidogo, kigumu, cha rangi ya kutu. Mkono wake ulikichukua kabla hajaamua kukichukua. Alikisaga kati ya vidole. Akanusa.

Chungwa.

Tumboni angeelewa, tumbo ndiko ilikotumwa dawa. Mapafuni imefikaje? Aliitazama njia, koromeo jeupe lililolazwa pale kitambaani, na akajiona yeye mwenyewe kila asubuhi, kondoo katikati ya mapaja, kichwa kimeelekezwa mlimani, chupa nyuma ya meno. Wanapigana, alikuwa akisema. Walikuwa hawapigani. Walikuwa wanazama. Akawakumbuka wanakondoo wa Asunta, na zile chupa zote alizozijaza kwa mkono wake.

"Wanaokubali aondoke, wainue mikono," Fulgencio alikuwa akisema kwa masikitiko.

Mikono ikainuka. Wa Asunta ulikuwa juu. Wa Nazario uliinuka mpaka usawa wa kifua, ukasimama hapo. Melchora aliuona.

"Si kikohozi cha marehemu," Fortunata akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi aseme tena. "Ni dawa yangu. Imeingia mapafuni. Mimi ndiye niliyewaua."

Kisha mzee Cirilo akaweka kisu chini taratibu. "Binti yangu, nilianza kusoma mapafu baba yako hajaota ndevu. Leo unaniambia sioni?"

"Nusa, mzee. Hili ni ganda la chungwa. Nani mwingine hapa ana chungwa?"

Mzee hakunusa. Fulgencio akatabasamu. "Mama Fortunata ana moyo wa huruma. Anamsitiri wifi yake, na huo ni utu. Lakini huruma isitutie hasara."

"Sina huruma yoyote. Mimi ndiye niliyelianzisha jina la marehemu, tukitoka sokoni. Asunta, si nilikwambia wewe? Nilikuwa na hasira. Nilisema tu."

Asunta alikuwa amejipenyeza mbele, uso umempauka. "Angalia unachosema, mama Fortunata. Dawa hiyo mimi nimewanywesha wote. Asubuhi na jioni, kama ulivyonifundisha. Unataka kuniambia nimewaua wanakondoo wangu kwa mikono yangu?"

"Ndiyo."

"Nyamaza," Asunta akamwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba unyamaze."

Wanawake wengine nao walikuwa wakimtazama vilevile. Hakuna aliyekuwa na shaka machoni. Walikuwa na woga, na woga ule ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea. Fortunata aliutambua, kwa sababu ndio uleule alioubeba yeye siku ya sokoni. Nazario akamshika kiwiko. "Twende nyumbani. Unatuaibisha."

Alijinasua mkononi mwake. Chupa hazikukosekana pale, maana siku zile mwanamke hakwenda mahali bila chupa. Aliichomoa moja kutoka kwenye mzigo wa Asunta, akaitikisa, akaing'oa kizibo kwa meno.

"Hamnisadiki, basi mtaona. Ninywesheni mimi, kama tunavyowanywesha wao. Nazario, nishike kichwa."

Nazario akarudi nyuma.

"Asunta, nishike."

Asunta akaficha mikono ndani ya shali.

Fortunata akageuka. Melchora alikuwa amesimama peke yake, nafasi tupu imemzunguka kila upande.

"Wifi," Fortunata akasema. "Nishike wewe."

"Usinitie kwenye hilo."

"Nimeshakutia kwenye baya kuliko hili. Njoo."

"Utapaliwa, wifi."

"Ndicho ninachotaka wakione."

Melchora akaja. Ilimchukua muda kuvuka uwanja ule, na watu walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika. Akapiga magoti nyuma ya Fortunata, akachukua chupa, na mkono wa pili akauweka chini ya taya lake, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. "Unisamehe," akamnong'oneza, yeye ambaye hakuwa amekosa kitu. Akakiinua kichwa mpaka Pukarani ukajaa machoni mwa Fortunata.

Hakuwahi kuutazama mlima namna ile. Koo lilikuwa limenyooka mpaka likauma, na alipojaribu kumeza mate tu, hayakwenda. Akajua sasa, kabla hata tone halijafika, walichokuwa wakikijua kondoo. Akapiga mguu chini kumwambia Melchora amimine, na Melchora akamimina.

Mafuta yalifika yote kwa pamoja. Alitaka kumeza, koo likagoma, pumzi ikaingia nayo. Moto ukashuka kifuani. Alianguka kwa mikono na magoti, akakohoa, akakohoa, kila kikohozi kikivuta kingine nyuma yake, na katikati hapakuwa na mahali pa kupitisha hewa. Aliona mawe madogo ya uwanja, na mate yake ya manjano juu ya mawe, na viatu vya watu vikirudi nyuma. Akasubiri ipatikane pumzi moja tu, ya kusema neno moja tu: mmeona? Alilishika neno lile akingoja nafasi.

"Mmeona?" mtu akasema.

Alikuwa Fulgencio. Hakuwa na sauti ya upole tena.

"Mmeona kwa macho yenu? Alikuwa mzima, anazungumza. Amemgusa tu."

Fortunata akatikisa kichwa. Kikohozi kikakitikisa zaidi, hakuna aliyeweza kutofautisha. Juu yake sauti zilianza kupanda, ya mwanamume mmoja, ya wanawake wawili, kisha za wote, na katikati ya hizo sauti ya Melchora ikisema, "Wifi, sema. Waambie. Sema, wifi." Akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi, kirefu, kikavu, kilekile alichokuwa akikikohoa yule mume wa Melchora kila alipokuja kuwatembelea, na waliomjua wakakitambua na kulia kwa hofu.

Kwa kuwa sauti hakuwa nayo, Fortunata akainua mkono, akanyoosha kidole kuionyesha chupa. Chupa ilikuwa mkononi mwa Melchora. Watu wote wakakifuata kidole kile, na wa kwanza kumkamata Melchora alikuwa kaka yake, Nazario.